Mwaka Niliokunywa Kabla ya Mgeni

Karibu, keti. Wewe unayesoma, nataka nikuchukulie kama mtu aliyekaa mbele yangu kwenye kiti cha plastiki, na kabla sijakusimulia lolote nikuulize swali moja: leo asubuhi ulikunywa nini, na kilikuwa na ladha gani? Usinijibu kwamba kilikuwa kizuri. Kizuri ni shukrani kwa aliyekipika, si ladha. Kama ni chai, je, ilikuwa na moshi kidogo? Maziwa yalishika chini ya sufuria? Tangawizi ilikuwa mbichi au ya unga? Ukiona huna jibu, usione haya. Mimi nilifika umri wa miaka ishirini na mitatu sina jibu, tena nilikuwa nimeajiriwa nilipwe kwa majibu ya namna hiyo.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Kache, Magogoni. Alikuwa muuza mnazi, ile pombe inayogemwa kwenye minazi, na mwaka ninaotaka kuuandika hapa alikuwa pia mwenye nyumba wangu. Siku ya matanga tulikaa kwenye mikeka chini ya turubai, na binti yake mkubwa, Kache mwenyewe, ambaye sasa ana mvi, akaja na jagi la mnazi. Akanimiminia kikombe, akaninyooshea. Kabla sijakipokea, wanawake wa mkeka wetu wakamdaka. "Aa, Kache. Na uchawi nani atautoa?" Akacheka, akakirudisha kikombe mdomoni mwake, akapiga funda moja, ndipo akanipa. Kwetu ndivyo ilivyo. Anayekukaribisha kinywaji hunywa kwanza mbele ya macho yako, ili ujue hakikutiwa kitu, na ujue pia kwamba anakijua anachokupa. Tunaita kutoa uchawi. Mimi pale nikaanza kucheka, kicheko kikageuka machozi, na mama aliyekaa kando yangu akanishika bega akidhani ni uchungu wa msiba. Ulikuwa uchungu wa msiba, ndiyo. Lakini vilevile nilikumbuka kwamba funda kama hilo, moja tu, lilikaribia kuninyima kazi, na kwamba sijawahi kuliombea radhi hata siku moja.

Chumba changu mwaka ule kilikuwa nyuma ya mangwe, ndivyo tunavyoita kilabu cha mnazi, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mbao za makasha zilizopigiliwa bila kukutana. Nilikuwa na kitanda cha futi tatu na nusu, ndoo mbili, jiko la mafuta ya taa, na leso iliyoning'inia mlangoni kuzuia macho ya wapita njia. Asubuhi niliamshwa na baiskeli ya mgema, na madumu yake ya manjano yakigongana. Jioni nilikula sima na mboga ya mchunga, au mbaazi za nazi Mama Kache aliponionea huruma, huku nikisikiliza maneno yaliyopenya kwenye nyufa. Kulikuwa na fundi baiskeli mmoja na rafiki yake mshona makuti, na hao hawakunywa bila kubishana. "Mnazi huu ni wa mgema yuleyule?" "Mgema yuleyule, mti mwingine." "Nilijua. Huu una chumvi. Mti wake unaiona bahari." "Mti una macho?" "Una mizizi. Kunywa, nyamaza." Siku nyingine wangesema umetiwa maji, au umegemwa jana ukachanganywa na wa leo, au kibuyu cha mgema hakikuoshwa. Mimi nilikuwa nikijigeuza kitandani na kusema moyoni kwamba hao ni walevi tu. Nilikuwa na karatasi ya hoteli chini ya mto, na niliamini elimu yote ya vinywaji iko ndani ya karatasi ile.

Karatasi tulipewa na Bwana Patrick, meneja wa vinywaji katika hoteli niliyofanya kazi, moja kati ya zile zilizokuwa ufuoni upande wa kaskazini. Bwana Patrick alikuwa mtu wa bara, mwembamba, viatu vyake viking'aa hata siku ya mvua, na sitaki umchukie, maana alifanya kazi kuliko sisi sote. Hoteli ilikuwa imeamua kufungua mkahawa wa juu, wa wageni wa mvinyo, na kati ya maweita sita wangechaguliwa wawili. Hao wawili wangevaa beji ndogo ya kishada cha zabibu na kupanda daraja. Mtihani ungekuwa kabla ya msimu wa Krismasi. Karatasi ilikuwa na orodha ya ladha zaidi ya thelathini ambazo mvinyo waweza kuwa nazo: cheri, pichi, blakiberi, gusberi na ndugu zao. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona gusberi. Tulijifunza kama watoto wanavyojifunza kuhesabu. Bwana Patrick alimimina, sisi tukanusa, tukatazamana, kisha mmoja akasema "blakiberi" na wengine wakaitikia. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Nilikuwa na kumbukumbu nzuri na sauti iliyotoka. Niliuita mvinyo gusberi mbele ya watu kwa uso mkavu, na Bwana Patrick akasema, "Sidi, wewe utafika." Huo ndio uongo wangu wa kwanza mkubwa, na nilipigiwa makofi.

Kosa langu, au lile lililoitwa kosa, lilitokea wakati wa chakula cha mchana. Wageni walikuwa mume na mke, wazee, watu wa adabu. Waliagiza mvinyo mwekundu. Bwana Patrick alikuwa ameniruhusu nihudumu meza ile peke yangu, kwa mara ya kwanza, akasimama mbali kunitazama. Nilionyesha chupa, nikaifungua bila kuvunja kizibo. Na hapo, kwa kuwa niliwaheshimu wale wazee, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imekulia mahali ilipokulia, nikachukua glasi ya ziada, nikajimiminia kidogo, nikanywa mbele yao. Kisha nikatabasamu na kumimina yao. Mzee aliinua nyusi. Mkewe akacheka, si kwa ubaya. Lakini Bwana Patrick alifika pale kama aliyesikia sahani zikivunjika. Aliomba radhi kwa niaba yangu mara tatu, akabadilisha chupa nzima, akanishika kiwiko hadi nyuma ya mlango wa jikoni. "Umekunywa mvinyo wa mgeni?" "Nimeuonja, Bwana." "Nani alikutuma uonje? Mgeni ndiye anaonja. Wewe unamimina, unangoja, unasema asante." Nikamweleza kwamba kwetu huwezi kumpa mtu kitu usichokitia mdomoni kwanza. Akaniachia kiwiko. "Kwenu ni mangwe. Hapa ni hoteli. Kuanzia kesho uko stoo, mpaka ujue mgeni ni nani na mhudumu ni nani."

Stoo ilikuwa chini ya ngazi, chumba kirefu chenye baridi ya mashine, taa moja ya bomba, rafu za chupa upande mmoja na magunia ya mchele na viazi upande wa pili nyuma ya wavu. Mwenyeji wake alikuwa Mzee Athmani, mtu wa Kisauni wa familia kongwe, kofia yake ya kushonwa kwa mkono ikiwa safi kila siku, koti la hoteli juu ya shati lililopigwa pasi. Jina hilo si lake. Nimempa mimi, kwa sababu wanawe hawapendi itajwe kwamba baba yao alitunza stoo yenye mvinyo. Hakuwahi kuuonja hata tone, wallahi, na nitalisema hilo mbele ya yeyote. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza nimefanya nini hata nikatupwa kwake. Nilipomaliza kusimulia alicheka mpaka akavua miwani. "Kwa hivyo umeadhibiwa kwa kuonja. Mpishi wangu nyumbani asipoonja ndiye namuadhibu." Halafu akachukua chupa iliyorudishwa na mgeni jana yake, akavuta kizibo, akanisogezea. "Haya. Wasikia harufu gani?" "Blakiberi, Mzee." "Waijua hiyo blakiberi?" "Sijawahi kuiona." "Basi wanidanganya, na mimi ni mtu mzima. Nusa tena." "Yanukia mvinyo." "Na chai yanukia chai? Mtoto wa Magogoni, nipe kitu. Nipe kitu ulichowahi kukishika."

Sikuwa na kitu. Hilo ndilo lililonitia hofu. Nilikuwa na maneno zaidi ya thelathini na sikuwa na kitu. Mzee Athmani hakunicheka tena. Siku ya pili alikuja na mikebe midogo ya chumvi iliyokwisha, ameitoboa vifuniko na kuitia vitu alivyonunua soko la Kongowea, karafuu mkebe mmoja, hiliki mwingine, ukwaju, kahawa, ngozi ya ukanda wa zamani, ganda la ndimu, udongo uliomwagiwa maji. Kila asubuhi kabla ya kupanga chupa alinifunga macho na leso yangu mwenyewe na kunipitishia mikebe puani. Nikikosa, alinipa tena baada ya saa. Nikipatia, alisema "Abee," kana kwamba nimemwita, kisha akaniletea mwingine. "Mimi utamu wake siujui na sitaki kuujua," aliniambia siku moja akifuta chupa, "lakini pua sikuharamishiwa. Chupa mbovu ikipita hapa naijua kabla haijafika ngazini. Njoo uone." Akanipa kizibo kimoja alichokihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Nikanusa na mara hii jibu lilikuja lenyewe, bila kulitafuta, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu nalo wiki mbili: gunia. Gunia lililolowa, likafungiwa, likakauka nusu. "Abee," alisema Mzee Athmani. "Hayo ndiyo maradhi ya kizibo. Mvinyo wenye harufu hiyo umekufa, hata uwe wa sultani."

Jumamosi moja nilichukua kidogo kilichobaki kwenye chupa ya mgeni, mvinyo mwekundu, nikakitia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi niliyoichemsha, nikampelekea Mama Kache. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akichuja mnazi wa jioni. Nilitaka, ukweli nikuambie, kumringishia. Nilimwambia huu ni mvinyo wa Wazungu, ghali. Alisema, "Wewe umeshakunywa?" Nikapiga funda la kutoa uchawi. Akapokea, akautazama kwenye mwanga, akauzungusha mdomoni kama mtu anayesukutua, akafumba macho. Nje yule fundi baiskeli aliuliza kuna nini, akanyamazishwa kwa mkono. "Umegemwa wapi huu?" "Haugemwi, Mama. Ni zabibu." "Mh. Una zambarau, zile zilizoanguka zenyewe. Una kunazi iliyokauka. Na huku nyuma," akajigusa shingo, "una viatu vipya vya ngozi. Halafu unakausha meno kama bibo." Bibo ni lile tunda la mkorosho, na kama hujawahi kulila, fikiria chai ya rangi iliyokolea mno mpaka ulimi ukawa kama kitambaa. Nikaonja tena. Zambarau ilikuwepo. Viatu vilikuwepo. Vilikuwepo miezi yote ile, na mimi nilikuwa nikivifunika kwa gusberi. Nilimuuliza amejuaje. Alinitazama kana kwamba nimeuliza amejuaje kutembea. "Ulimi wako ni mzima, Sidi. Wewe unaogopa midomo ya watu. Kabla hujasema unatazama nani atacheka."

Basi nikusimulie nilivyojifunza kuanzia hapo, maana ni rahisi kuliko wanavyokuambia, na inafaa kwa chai, kwa maji ya madafu, kwa juisi ya ukwaju, usidhani nakusukuma kwenye pombe. Tazama kwanza, ujue rangi yake na kama ina ukungu. Nusa mara mbili, mara ya pili baada ya kuzungusha glasi, kwa sababu harufu nyingine huchelewa kuamka. Kisha chukua funda dogo na usilimeze upesi. Mate yakikujaa pembeni mwa ulimi kama unapokula embe bichi na chumvi, huo ni uchachu, na uchachu si ubaya, ndio unaokufanya utake funda la pili. Meno yakikauka, huo ni ukakasi, ule wa bibo. Halafu sikiliza uzito. Sisi tunaokuna nazi tunaujua uzito bila kufundishwa: kuna mvinyo mwepesi kama tui la pili, lililokamuliwa baada ya maji kuongezwa, na kuna ule mzito kama tui la kwanza, unaobaki ukingoni mwa kikombe. Mwisho, ukishameza, ngoja. Angalia ladha inakaa muda gani kabla ya kuondoka. Kisha sema. Neno la kwanza lililokuja, hata likiwa la ajabu. Mimi nilikaa kitandani usiku wa Jumapili ile na karatasi ya Bwana Patrick, nikakata kwa wino neno moja baada ya jingine. Pembeni ya blakiberi nikaandika zambarau. Pembeni ya gusberi nikaandika embe bichi. Pembeni ya neno moja sikuwa na la kuandika, nikaliacha na alama ya kuuliza, kwa sababu sikutaka tena kujifanya.

Bwana Patrick aliniruhusu nirudi darasani mwezi wa Oktoba, na siku hiyohiyo akaiona karatasi. Aliisoma yote, amesimama, na wenzangu watano wakijifanya wanapanga glasi. "Hii ni nini?" "Ni ile ile, Bwana. Nimeitafsiri kwa ulimi wangu." "Sidi, hapa si Kongowea. Mgeni ametoka mbali, hajui zambarau." "Na mimi sijui gusberi, Bwana. Nikisema neno lako nitakuwa namdanganya mgeni. Nikisema langu, angalau ataniuliza ni nini, na nitamwonyesha mti." Mmoja wa wenzangu akakohoa kuficha kicheko. Bwana Patrick hakukasirika kwa sauti. Aliikunja karatasi mara nne, akanirudishia, akasema polepole ili nisikie kila neno: "Mtihani utakuwa na watu watatu mezani. Ukitaja zambarau, umejiondoa. Ukinywa kabla ya mgeni, umejiondoa. Mimi nataka upite. Usinifanye nijute." Na nadhani alitaka kweli. Ndiyo maana ilikuwa vigumu. Mtu anayekuchukia ni rahisi kumkaidi. Huyu alikuwa akinifungulia mlango na kuniomba niache ulimi wangu nje, na nyuma ya mlango huo kulikuwa na mshahara wa daraja la juu na chumba chenye ukuta wa mawe.

Mtihani ulifanywa asubuhi, mkahawa wa juu ukiwa mtupu, mapazia yamefunguliwa. Mezani walikaa Bwana Patrick, mpishi mkuu, na mama mmoja aliyetoka Nairobi, ambaye ndiye aliyeiletea hoteli mvinyo. Walijifanya wageni. Kila mmoja wetu alipangiwa chupa yake, aifungue, amimine, aeleze. Wanne walitangulia, wakaitaja orodha vizuri, wakapata "asante." Zamu yangu ilipofika nilikuta nimewekewa chupa ya zamani kuliko zote, lebo imefifia, na nikaelewa kuwa Bwana Patrick alinipa chupa ya heshima. Nilivuta kizibo. Kilitoka kizima. Nilikipeleka puani kama nilivyozoea stoo, na harufu ikaja yenyewe, haikungoja niiite: gunia. Nikajiambia hapana, ni hofu. Nikanusa mdomo wa chupa. Gunia lililolowa, likafungiwa, likakauka nusu. Watatu wananitazama. Nilijua maneno yote niliyotakiwa kusema. Yalikuwa yamejipanga mdomoni kama askari. Ningemimina, ningesema cheri kavu na mbao za mwaloni, na hakuna ambaye angekufa. Mkono wangu ukaenda kwenye glasi ya ziada. Nilimuona Bwana Patrick akitikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayemkanya mtoto barabarani. Nikajimiminia. Nikanywa, mbele yao wote watatu, kabla ya mgeni, na sikutazama chini.

"Sitawamiminia huu," nilisema. "Umeharibika." Mpishi akaacha kuandika. Bwana Patrick alichukua chupa mwenyewe, akamimina, akaonja. "Ndivyo ulivyo mvinyo wa zamani," alisema. "Unakuwa na harufu ya udongo." Mama wa Nairobi naye akaonja, akaushikilia mdomoni. Akaniuliza, "Wewe unasikia nini?" "Gunia la Kongowea, Mama. Lililonyeshewa likafungiwa stoo. Chini yake kulikuwa na zambarau, lakini zimekufa." Nililisema neno lile kwa makusudi, na nililitamka lote. Mama aliweka glasi chini taratibu na kuisogeza mbali kwa kidole kimoja. "Tuendelee," alisema, na wakamwita wa sita. Jioni majina mawili yalibandikwa kwenye mlango wa jikoni. Langu halikuwemo. Nilishuka stoo. Nilikuwa na kizibo mfukoni, nikampa Mzee Athmani. Akakinusa, akakirudisha, akasema, "Abee." Halafu akanikalisha kwenye gunia la mchele, akanipasulia mahamri mawili aliyofungiwa na mkewe, na tukala, na sikulia mpaka nilipofika kwenye la pili.

Siku tatu baadaye Bwana Patrick alishuka ngazi. Hakuwa na kawaida ya kuja huko. Alikuwa amebeba chupa mbili, lebo zake zimefifia kama ile yangu. Zilitoka kwenye kasha lile lile. Aliziweka juu ya meza ya Mzee Athmani, zimeshafunguliwa, akarudi hatua moja nyuma na kuweka mikono mfukoni. Hakusema samahani, na mimi sikumngojea aseme. "Nusa na hizi," alisema. Nikanusa ya kwanza. Ilikuwa nzima kabisa, zambarau na moshi wa vifuu. Nikanusa ya pili, nikairudisha. "Hii ni ndugu ya ile." Akaichukua, akainusa muda mrefu, macho amefumba, na nikaona midomo yake inatafuta kitu. "Gunia," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo, kama anayejaribu neno la lugha ngeni. Mzee Athmani aliitika kutoka nyuma ya wavu. Kuanzia wiki ile, kila chupa iliyopanda mkahawa wa juu ilipita kwanza mbele ya pua yangu. Wenzangu wawili walivaa beji na kuhudumu, mimi nilibaki chini ya ngazi na mshahara wangu wa zamani. Sikupewa beji, na mpaka leo sina. Watu hunishauri nisiseme hivyo ninapowafundisha vijana wa mahoteli katika chumba changu cha kukodi hapa Bombolulu. Wanasema nitaonekana sikufuzu. Nawaambia ndiyo, sikufuzu, na hii hapa mikebe yangu ya chumvi, jifungeni leso machoni tuanze.

Ndiyo maana kwenye matanga ya Mama Kache nilicheka. Kache aliponipa kile kikombe baada ya kutoa uchawi, mkeka mzima ulinitazama, maana wanajua kazi yangu, na mmoja akanichokoza. "Haya, mwalimu wa mvinyo, utauonja wetu au utautemea mate?" Nikanywa. Nikaushikilia. "Umegemwa jana jioni," nilisema. "Una chumvi kidogo. Mti wake unaiona bahari." Kache akaacha kumimina. "Hayo ni maneno ya mama," alisema. Si ya mama yake, ni ya fundi baiskeli, lakini sikumsahihisha; yalipita kwenye mangwe yake, ni yake pia. Nikainua kikombe na kukimaliza.

Sasa zamu yako. Kesho asubuhi, kabla hujatia sukari, mimina chai yako kwenye kikombe. Fumba macho, inuse mara mbili, chukua funda dogo, hesabu mpaka tano ndipo umeze. Taja kitu kimoja ulichowahi kukishika kwa mkono wako. Kiseme kwa sauti ili aliye karibu asikie, na akicheka, usikibadilishe.